Mlalo na Wima: Historia ya Majedwali ya Pande Nyingi katika Lugha za Kompyuta

Kumbukumbu ya kompyuta ni mstari mmoja. Vyumba vyake vimepangwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja na anwani yake, na hakuna chumba kilicho juu, chini wala ubavuni mwa kingine ila kwa kuhesabu mbele au nyuma. Hata hivyo, tangu lugha za kwanza za kuandikia programu, wataalamu wamezungumza na mashine kana kwamba ndani yake mna majedwali yenye safu za mlalo na za wima, na hata michemraba yenye kina. Usemi huo si wa uwongo, lakini ukweli wake ni wa kisarufi: jedwali lipo kwa sababu lugha imetoa kanuni ya kulikunjua likawa mstari. Makala haya yanachunguza jinsi kanuni hiyo ilivyoamuliwa katika lugha chache zilizoziathiri nyingine, na yanadai kwamba uamuzi huo, ambao kimsingi ulikuwa wa nasibu, umeishi kuliko mashine zilizouzaa, kama vile umbo la neno linavyoweza kudumu baada ya sababu yake kusahauliwa.

Yafaa kwanza istilahi zifafanuliwe. Neno jedwali limetumika hapa kwa maana ya mkusanyiko wa thamani za aina moja, zenye jina moja, ambazo kila mojawapo hutambulishwa kwa nambari ya mahali pake. Nambari hizo zinaitwa fahirisi. Jedwali linalohitaji fahirisi mbili ni la pande mbili, linalohitaji tatu ni la pande tatu, na kuendelea. Maneno yote mawili yametufikia kwa njia ya Kiarabu, na la kwanza lina historia inayosadifu mada hii kwa namna ya kuchekesha: jadwal ni jedwali, lakini pia ni kijito au mfereji mdogo wa maji. Ndani ya kompyuta kila jedwali ni mfereji.

Tatizo lenyewe laweza kuonyeshwa kwa bao la Waswahili. Bao lina mashimo 32, yaliyochimbwa kwa safu nne za mlalo, kila safu na mashimo manane. Ikiwa idadi ya kete za kila shimo itahifadhiwa katika kumbukumbu, vyumba 32 vinavyofuatana vitatosha. Lakini vifuatane vipi? Njia ya kwanza ni kuimaliza safu ya kwanza ya mlalo, kisha ya pili, hadi ya nne. Kwa njia hii shimo la tatu la safu ya pili litakaa katika chumba cha 11, kwa kuwa mashimo manane ya safu ya kwanza na mawili ya safu ya pili yamelitangulia. Njia ya pili ni kushuka kiwima: shimo la kwanza la kila safu, kisha la pili la kila safu, na kadhalika. Kwa njia hii shimo lile lile litakaa katika chumba cha 10. Hakuna njia iliyo sahihi kuliko nyingine. Msomaji wa Saussure atatambua hapa unasibu ule ule unaotawala uhusiano wa neno na kitu. Kinachotakiwa si njia bora bali makubaliano.

FORTRAN na mashine ya 704

Jaribio la mapema la kuwaza jambo hili kwa utaratibu lilifanywa na Mjerumani Konrad Zuse, aliyeitunga lugha aliyoiita Plankalkül na kuikamilisha mwaka 1945 katika kijiji cha Hinterstein. Kwa Zuse kila kitu kilijengwa kutokana na biti moja: jedwali lilikuwa n ya umbo fulani, na kwa vile umbo hilo laweza kuwa jedwali jingine, pande zingeweza kuongezwa bila kikomo. Hata maandishi yake yalikuwa ya pande mbili, kwani jina la kigezo liliandikwa juu, na chini yake zikafuata safu za nambari yake, sehemu yake na umbo lake. Lakini kazi hiyo haikuchapishwa kwa ukamilifu hadi mwaka 1972, na lugha zilizofuata zilikua bila kuisoma.

Lugha iliyoacha alama ni FORTRAN. Ilitayarishwa na kikundi kilichoongozwa na John Backus katika kampuni ya IBM; ripoti ya awali ilitolewa Novemba 1954, na kompaila, yaani programu ya kufasiri lugha hiyo kuwa amri za mashine, ikawafikia watumiaji wa IBM 704 mwezi Aprili 1957. Mwandishi alitangaza jedwali kwa sentensi kama hii:

DIMENSION BAO(4,8)

na tangu hapo BAO(2,3) lilikuwa shimo la tatu la safu ya pili. Kanuni iliyochaguliwa ilikuwa ile ya wima: fahirisi ya kwanza ndiyo inayobadilika upesi zaidi, hivyo BAO(1,1) hufuatwa na BAO(2,1), wala si na BAO(1,2). Fahirisi zilianza na moja, na idadi ya pande haikuweza kuzidi tatu.

Hapana budi kukumbuka lengo la kikundi hicho. Watumiaji wa wakati ule hawakuamini kwamba kompaila ingeweza kutoa amri nzuri kama zile zilizoandikwa kwa mkono na mtaalamu, na Backus na wenzake walijua kwamba lugha yao ingekataliwa iwapo ingekuwa na uvivu. Kwa hiyo sarufi ya fahirisi ilibanwa ili kompaila iweze kuzishughulikia kwa haraka. Fahirisi iliruhusiwa kuwa nambari, kigezo, kigezo kilichoongezwa au kupunguzwa nambari, au nambari ikizidishwa kwa kigezo, nayo ikaweza kuongezwa au kupunguzwa nambari nyingine. Basi. A(2*I+1) lilikubalika; A(I+J) halikukubalika. La ajabu zaidi kwa mwanasarufi ni kwamba A(I+1) lilikuwa sahihi na A(1+I) lilikuwa kosa, ingawa kwa hesabu yana maana moja. Kanuni hiyo ya mpangilio wa maneno ilidumu hata katika usanifishaji wa mwaka 1966, na haikuondolewa hadi FORTRAN 77.

Kuhusu kikomo cha pande tatu, maelezo yanayosikika mara nyingi ni kwamba mashine ya 704 ilikuwa na rejista tatu za fahirisi, na kwa hiyo kila upande ulipewa rejista yake. Maelezo haya yanavutia, na rejista hizo kweli zilikuwa tatu, lakini yana dalili zote za etimolojia ya mitaani. Kompaila ya kwanza haikugawa rejista moja kwa kila upande. Iliuchukua mchanganyiko mzima wa fahirisi za jedwali, kwa mfano (I,J,K), ikaupa rejista moja ya kubuni, kana kwamba mashine ilikuwa na rejista zisizo na idadi. Kisha sehemu za baadaye za kompaila zikazipanga rejista hizo za kubuni katika zile tatu za kweli. Jedwali la pande tatu liliweza kuhudumiwa na rejista moja tu. Ulinganifu wa tatu na tatu hautoshi kuwa ushahidi. Sababu nyingine iliyo wazi zaidi ni ukubwa wa kumbukumbu. IBM 704, ilipokuwa na kumbukumbu kubwa kuliko zote ilizoweza kupewa, ilikuwa na maneno 32,768. Mchemraba wenye 32 kila upande una thamani 32,768 kamili: ungeijaza mashine nzima na kuiacha programu yenyewe bila mahali pa kukaa. Katika nyumba ndogo namna hiyo upande wa nne ungekuwa anasa.

Mashine ile ilikuwa na tabia nyingine ambayo iliacha alama katika lugha, na ambayo hatima yake inastahili kulinganishwa na ile ya kanuni ya wima. Katika 704, kilichomo ndani ya rejista ya fahirisi hakikujumlishwa na anwani bali kilitolewa kwake. Kwa sababu hiyo majedwali ya FORTRAN yalihifadhiwa kinyumenyume: BAO(1,1) lilikaa katika anwani ya juu kabisa, na mengine yakashuka. Mashine zilizofuata, kama vile System/360 ya mwaka 1964, zilijumlisha, na majedwali yakageuka yakaelekea mbele. Tabia hiyo ilikufa pamoja na sababu yake. Kanuni ya wima, kinyume chake, haikuwa na sababu ya mashine ya kufa nayo. Ilikuwa imeandikwa katika miongozo, programu za watu zilikuwa zimeitegemea, na kwa hiyo ikabaki. Kikomo cha pande kilipandishwa hadi saba katika FORTRAN 77 na hadi 15 katika usanifishaji wa mwaka 2008, ilhali mpangilio wa vyumba haukuguswa.

ALGOL, Iverson na jedwali lililo huru

Ripoti ya ALGOL 60, iliyotokana na mkutano wa Paris wa Januari 1960 na kuhaririwa na Peter Naur, ililitazama jedwali kwa jicho jingine. Waandishi wake hawakutaja kabisa namna vyumba vifuatane. Hilo waliliona kuwa shauri la mtengenezaji wa kompaila. Idadi ya pande haikuwekewa kikomo, na mipaka ya chini na ya juu iliandikwa wazi, kwa mfano array bao[1:m, 0:n]. Zaidi ya hayo, m na n ziliweza kuwa vigezo ambavyo thamani yake hujulikana tu programu inapofanya kazi. Katika FORTRAN ya 704, mtu aliyetaka jedwali kubwa zaidi alirudi kubadilisha sentensi ya DIMENSION na kuifasiri programu upya.

Uhuru huo ulihitaji gharama. Ikiwa mipaka haijulikani mapema, ni lazima iandikwe mahali fulani wakati wa kazi ili anwani ziweze kukokotolewa. Mwaka 1961 Kirk Sattley alieleza utaratibu wa kuambatisha kwa kila jedwali orodha fupi ya maelezo: lianzapo, mipaka ya kila upande, na hatua ya kuruka kutoka thamani moja hadi nyingine katika upande huo. Jina lake la Kiingereza lilitumia neno la mitaani lenye maana ya habari za ndani. J. K. Iliffe na Jane Jodeit, waliofanya kazi juu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Rice, walichapisha mwaka 1962 njia tofauti, ambapo kila safu huhifadhiwa popote penye nafasi, na jedwali lenyewe huwa orodha ya anwani za safu. Katika njia hii safu hazilazimiki kuwa na urefu sawa.

Mwaka huo huo wa 1962 Kenneth Iverson, Mkanada aliyekuwa amefundisha Harvard kabla ya kujiunga na IBM, alichapisha kitabu kilichoipa jina lugha ya APL. Iverson hakuanza na mashine bali na maandishi ya hesabu, na kwake kila kitu kilikuwa jedwali. Hata nambari moja pekee ilikuwa jedwali lisilo na upande. Kuunda bao katika lugha yake hakuhitaji tangazo lolote. Huandikwa 4 8⍴0, yaani: chukua sifuri, uipe umbo la nne kwa nane. Umbo hapa si sifa ya jina bali ni zao la kitendo, na kitu kile kile chaweza kupewa umbo la 2 4 4 katika sentensi inayofuata. Kati ya njia zote zilizotajwa katika makala haya, hii ndiyo iliyokaribia zaidi kuitendea haki dhana ya jedwali. Kwamba ilihitaji herufi zisizopatikana katika mashine za kawaida za kupigia chapa ni hoja iliyotumiwa mno dhidi yake.

C na usemi wa jedwali la majedwali

Lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mnamo mwaka 1972, haina jedwali la pande nyingi. Madai haya yatawashangaza wengi wanaoitumia, lakini sarufi inayashuhudia. Tangazo

int bao[4][8];

halisemi kwamba bao lina pande mbili. Linasema kwamba bao ni jedwali la vitu vinne, ambavyo kila kimoja ni jedwali la nambari nane. Mabano ni jozi mbili kwa sababu vitendo ni viwili: kwanza safu, kisha shimo. Kutokana na hayo kanuni ya mlalo haikuhitaji kuamuliwa. Ilifuata yenyewe, kwa kuwa jedwali la safu halina budi kuiweka kila safu ikiwa nzima.

Asili ya umbo hili iko katika lugha za BCPL ya Martin Richards na B ya Ken Thompson, ambazo hazikuwa na aina za thamani. Katika B jina la jedwali lilikuwa chumba chenye anwani ya mwanzo wa vyumba vingine. Ritchie alikiondoa chumba hicho, akaweka kanuni kwamba jina la jedwali likitumika katika usemi hugeuka kuwa anwani ya kitu chake cha kwanza. Ndiyo maana a[i] katika C si chochote ila kifupisho cha kusema: jumlisha a na i, kisha fungua chumba unachokifikia. Kwa vile kujumlisha hakujali mpangilio, i[a] nayo ni sentensi halali yenye maana ile ile. Ndiyo maana pia fahirisi huanza na sifuri: si nambari ya shimo bali ni umbali wake kutoka mwanzo. Edsger Dijkstra aliitetea sifuri mnamo Agosti 1982 kwa hoja za uzuri wa hesabu, lakini C ilikuwa imeifikia kwa njia ya anwani miaka kumi kabla yake.

Mtu atokaye FORTRAN na kuandika bao[1,2] katika C hapati alichokikusudia. Mkato hapo si kitenganishi cha fahirisi. Ni kitendo kinachoitupa thamani ya kushoto na kuibakiza ya kulia, hivyo amepewa bao[2], safu nzima ya tatu. Rafiki wa uwongo, kama wasemavyo wafundishao lugha za kigeni, ni hatari zaidi ya neno geni.

Tofauti ya kanuni hizi mbili hujitokeza hata pale ambapo mtu hakuitarajia. Jedwali linapopelekwa kwa kitengo kingine cha programu, C huruhusu mpaka wa kwanza uachwe wazi, kama katika int bao[][8], lakini si wa pili. FORTRAN 77 huruhusu mpaka wa mwisho uandikwe kwa nyota, BAO(4,*), lakini si wa kwanza. Mwanafunzi huzikariri kanuni hizi kama mambo mawili yasiyohusiana. Kumbe ni moja inayotazamwa katika kioo: anayekunjua kwa mlalo hukokotoa anwani kwa kuzidisha safu kwa nane, wala hana haja ya kujua kwamba safu ni nne, anayekunjua kwa wima huzidisha kwa nne, wala hana haja ya ile nane.

Jambo moja C haikurithi kutoka kwa ALGOL. C. A. R. Hoare, katika mhadhara wake wa mwaka 1980, alikumbusha kwamba kompaila ya ALGOL iliyotengenezwa na kikundi chake kwa ajili ya mashine za Elliott iliikagua kila fahirisi kama imo ndani ya mipaka, na kwamba wateja walipoulizwa baadaye kama wangependa ukaguzi huo uweze kuzimwa, walikataa kwa kauli moja. Katika C hakuna cha kuzima. bao[1][9] huhesabiwa kwa jumla ile ile, na kwa kawaida hufungua shimo la pili la safu inayofuata bila neno.

Makutano ya kanuni mbili

Laiti lugha hizi zingeishi mbali mbali, tofauti zao zingekuwa suala la wanahistoria tu. Lakini hazina kubwa ya programu za hesabu za matriksi iliandikwa kwa FORTRAN: BLAS iliyochapishwa mwaka 1979, kisha LAPACK ya mwaka 1992. Waandishi wa C walihitaji kuzitumia, na wakalazimika kupeleka majedwali yao katika nyumba yenye desturi nyingine. Hapo ndipo hasara hutokea, nayo haina kelele. Bao lililoandikwa na FORTRAN likisomwa na C kama nne kwa nane, kete zote 64 bado zipo, na jumla haikupungua hata moja. Ila shimo la tatu la safu ya pili limekuwa la pili, na la pili la safu ya kwanza limekuwa la tano. Mashine haioni kosa lolote, kwa maana halipo upande wake. Kosa liko katika tafsiri.

Kuna pia hasara ya muda. McKellar na Coffman walionyesha mwaka 1969 kwamba katika mashine zinazoigawa kumbukumbu kwa kurasa, programu inayolipitia jedwali kinyume cha mkunjo wake yaweza kulazimika kuita ukurasa mpya karibu kila hatua. Katika mashine za leo kumbukumbu ya karibu huletwa kwa vipande vya baiti chache, mara nyingi baiti 64 kwa mkupuo, na kanuni ni ile ile: afuataye mkondo hupewa thamani kadhaa kwa safari moja, akataye mkondo hupewa moja.

Urithi umegawanyika kwa koo. MATLAB ya kwanza iliandikwa na Cleve Moler kwa FORTRAN mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha New Mexico, na kanuni ya wima imebaki ndani yake hata baada ya lugha hiyo kuandikwa upya kwa C. R, lugha ya wanatakwimu, ni ya wima pia. Julia, iliyotangazwa mwaka 2012, ilichagua wima ingawa misingi yake imejengwa kwa C, C++ na Julia yenyewe. Java ya mwaka 1995 ilishika njia ya Iliffe, jedwali la safu zisizolazimika kulingana, ilhali C# ilikubali aina zote mbili na kuzitofautisha kwa mabano: [,] kwa jedwali la kweli na [][] kwa jedwali la majedwali.

NumPy, maktaba ya Python iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2006, imeifufua ile orodha ya maelezo ya Sattley. Jedwali lake ni mstari wa vyumba pamoja na maelezo ya umbo na hatua, na mtu akitaka kugeuza mlalo kuwa wima hakuna thamani inayohamishwa. Hubadilishwa maelezo tu. Anayeunda jedwali huweza kuchagua mkunjo kwa kuandika herufi moja. Herufi hizo hazitaji mlalo wala wima. Ni C na F.